Trekta la Babu lilichemsha, tukaitesa rejeta bure

"Zima! Zima, utaua injini!"

Bamdogo alikuwa anapiga kelele kutoka juu ya tuta, kofia mkononi, nami nimekaa kwenye kiti cha trekta, mvuke umenizunguka kama mtu aliyefunua sufuria ya kande kabla ya wakati. Sikuzima. Niliinua plau, nikakanyaga klachi, nikatoa gia, nikarudisha mafuta hadi injini ikabaki inaunguruma taratibu, nikaiacha feni iendelee kupuliza. Maji bado yalikuwemo, nilikuwa nayasikia yakigugumia. Ukizima ghafla injini iliyochemka, pampu inasimama, feni inasimama, na joto lote lililomo kwenye chuma linabaki palepale kuzunguka silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Kama maji yangekuwa yamekwisha kabisa, hapo Bamdogo angekuwa sahihi, ni kuzima mara moja na kuomba Mungu. Lakini yalikuwemo.

Ilikuwa mwisho wa Februari huku kwetu Karatu, wakati ule ambao kila mwenye shamba anaangalia mawingu na kila mwenye trekta anaangaliwa yeye. Tulikuwa hatujamaliza hata ekari moja.

Baada ya dakika kumi tulikuwa tumezungukwa na washauri. Bamdogo akasema rejeta, ile inayopoza maji ya injini, imeziba. Jirani yetu, mzee anayeheshimika sana kwa mambo ya mashine, akasema toeni themostati (ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto), hapa si Ulaya. Kijana wa bodaboda aliyesimama kutazama tu, abiria wake bado yuko nyuma amekaa, akasema hiyo gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya injini na kifuniko chake, hakuna kingine. Hukumu tatu, na hakuna aliyekuwa amegusa hata nati moja. Nami nakiri nilikuwa na hukumu yangu ya nne, pampu ya maji, na nilikuwa na uhakika nayo kama wao.

Niseme kidogo kuhusu trekta lenyewe, maana vijana wakisikia trekta la petroli wanadhani natania. Ni Ferguson la kijivu, TEA20. Familia hiyo ya TE20 ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, na yalitoka zaidi ya nusu milioni. Injini yake ni ya silinda 4 ya Standard Motor Company, ukoo mmoja na injini ya gari la Standard Vanguard na baadaye Triumph TR2 ya mbio, jambo ambalo nikiwaambia watu hapa kijijini wanalitazama trekta halafu wananitazama mimi. Nguvu zake hazifiki farasi 30. Babu alilipata kwa mlowezi mmoja aliyekuwa anafunga shamba lake la kahawa miaka ya 1960, na tangu hapo limelima, limebeba magunia, limevuta lori lililozama kwenye tope, na mara moja limembeba bibi harusi. Linakunywa petroli kuliko tunavyopenda. Tumeshalijadili mara nyingi kwenye vikao vya familia na kila mara tunaishia kulipaka rangi.

Halina geji ya joto. Ndiyo maana sisi tulijua limepata joto pale tu mvuke ulipotoka.

Sasa kuna tatizo la lugha hapa. Kiswahili cha gereji kina neno moja, kuchemsha, na tumelibebesha mizigo mitatu. Trekta linachemsha maji yanapochemka. Linachemsha pia injini inapopata joto kuliko inavyotakiwa, hata kama maji hayajachemka, au yamevuja yote na hakuna cha kuchemka. Na wengine husema linachemsha wakati linazimika tu likishapata joto, kisha likipoa linawaka kana kwamba halikufanya kitu. Huo wa tatu mara nyingi si ugonjwa wa joto la injini kabisa. Ni koili (kifaa kinachotoa umeme wa cheche) inayochoka ikipata moto, au petroli inayogeuka mvuke kwenye bomba linalopita karibu na manifoldi ya moshi (mfereji wa chuma unaotoa moshi kwenye injini), kabureta ikakosa cha kunywa. Nimeona mtu akinunua rejeta kwa ugonjwa wa koili. (Mtaani, mtu akifeli mtihani tunasema naye amechemsha. Sawa tu, maana na sisi tulikuwa tunaelekea huko.)

Halafu kuna suala la mwinuko. Shule tulifundishwa maji yanachemka kwa nyuzi 100, lakini hiyo ni Dar es Salaam. Karatu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Themostati ya injini kama hii hufunguka kwenye nyuzi 80 na kidogo. Kwa hiyo kati ya injini iliyo na afya na injini inayotapika mvuke hakuna hata nyuzi 15. Kifuniko cha rejeta chenye springi husaidia kwa kubana presha, cha psi 7 huongeza nyuzi kumi na ushee kabla maji hayajachemka. Cha kwetu cha asili kilipotea zamani, tukaweka kifuniko cha bati kilichofungwa na kipande cha tairi la ndani la baiskeli. Kilifunika, lakini hakikubana chochote. Na usikimbilie kununua kifuniko chenye springi kali ukakibandika kwenye rejeta ya zamani, kitapasua maungio ya risasi uanze kulia upya.

Wiki iliyofuata tulifanya wanachofanya watu wote: tulitumia hela.

Rejeta ilipelekwa mjini ikazibuliwa na kuchomelewa upya, laki moja na arobaini. Pampu ya maji ikafunguliwa, beringi na sili mpya, elfu sitini. Themostati fundi aliitoa bure, akaitupa kwenye kopo la vyuma chakavu kwa furaha ya mtu aliyeng'oa jino. Tukarudi shambani, tukashusha plau. Safari hii lilichemka baada ya dakika 55 badala ya 40. Laki mbili, dakika kumi na tano. Bamdogo alipiga hesabu hiyo kwa sauti, mbele za watu.

Hili la kutoa themostati niliseme kabisa, maana ni kama dini. Kila injini inayochemsha Tanzania hii, kitu cha kwanza kutolewa ni themostati. Kama imekwama imefunga, kweli itachemsha injini, na kuitoa kutakufikisha nyumbani. Lakini njia ya kujua ni kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni na kuiangalia ikifunguka maji yanapokaribia kuchemka. Ya kwetu nilikuja kuiokota kwenye kopo, nikaipima kwenye sufuria ya mama, ikafunguka vizuri kama ua. Haikuwa na kosa lolote. Na injini ya petroli isiyo na themostati, asubuhi ya baridi ya huku kwetu, inafanya kazi ikiwa baridi kwa muda mrefu. Petroli isiyoungua inatiririka kwenye kuta za silinda, inaosha oili, inashuka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Unaokoa injini na joto unaiua kwa baridi. Jirani hakubaliani nami na sitegemei akubali.

Baada ya laki mbili nilimwomba Bamdogo siku tatu za kutonunua kitu. Nikachukua daftari la zamani la shule la binti yangu, nikaandika swali moja juu: linachemsha lini?

Nililiwasha nikaliacha limesimama uani saa nzima. Halikuchemka. Nikalifunga tela tupu, nikaenda nalo dukani na kurudi. Halikuchemka. Nikalirudisha shambani na plau ndani ya udongo, likaanza kupanda joto mfereji wa tatu. Sasa hilo peke yake lilikuwa linasema jambo ambalo laki mbili hazikuwa zimesema. Gasketi iliyoungua vibaya kwa kawaida haingojei mzigo. Upungufu wa maji nao haujali kama una plau au huna. Ugonjwa wetu ulikuja mzigo ulipokuja na injini ilipozungushwa kwa kasi ya kazi.

Nilihitaji kipima joto. Jirani mwingine, mwenye nia njema, akaleta kile cha kuelekeza kwenye paji la uso kilichobaki tangu siku za korona. Nikakielekeza kwenye rejeta, kikaandika herufi mbili za kusema joto limezidi, kikalia, kikawasha taa nyekundu. Vile vinaishia nyuzi 42 au 43. Kwa mujibu wake trekta lilitakiwa kulazwa. Mwishowe niliagiza cha mafundi, cha kuelekeza vilevile lakini kinachopima hadi mamia ya nyuzi, na nikajifunza kwamba shaba na chuma kinachong'aa vinakidanganya, kinasoma chini. Dawa ni kubandika kipande cha selotepu nyeusi ya mafundi umeme pale unapotaka kupima, ukielekeze hapo.

Nikapima trekta likiwa linalima, Bamdogo kwenye usukani, mimi natembea pembeni kama daktari anayemfukuza mgonjwa. Tanki la juu la rejeta nyuzi 94, la chini 83. Nikapitisha kipimo uso mzima wa rejeta nikitafuta sehemu baridi, maana mirija iliyoziba haipitishi maji na hubaki baridi wakati majirani zake wanaungua. Hakukuwa na sehemu baridi. Tofauti kati ya juu na chini ilikuwa ya kueleweka. Maji yalikuwa yanazunguka, rejeta ilikuwa inafanya kazi yake. Ilikuwa inaletewa joto zaidi ya lile inaloweza kulitupa.

Hapo akili yangu iligeuka, ingawa siyo moja kwa moja. Rejeta hailitengenezi joto, inalitupa tu. Watu wote wanne siku ile kwenye tuta tulikuwa tumeangalia upande mmoja, upande wa kutupa, kwa sababu ndiko mvuke ulikotokea.

Lakini niliamua kuumaliza upande huo kwanza, ili nisirudi.

Upepo haukunichukua muda. Mkanda wa feni ulikuwa umelegea kidogo tu, nikaukaza. Feni yenyewe ilikuwa imefungwa inavyotakiwa, na hilo liangalie, kwa sababu mtu akiigeuza wakati wa kurudisha pampu itaendelea kupuliza upande uleule lakini kwa uvivu, na hutajua kwa kuitazama inavyozunguka. Mapezi ya rejeta yalikuwa safi kwa sababu yalitoka kuchomelewa juzi. Wakati wa mavuno ya ngano ni hadithi nyingine, makapi yanajaa hadi unaweza kuyavua kama pamba, na hapo lita chache za maji zinazomwagwa kutoka upande wa injini kwenda nje ndiyo tiba nzima.

Maji yalinichelewesha. Mama aliponipa birika lake la chai niangalie ndani, nilielewa injini yetu imekuwa inakunywa nini kwa miaka sitini. Maji ya kisima chetu ni magumu, birika limejenga ganda jeupe nene kama ukucha. Birika linapata maji hayo mara mbili kwa siku. Trekta limeyapata kila lilipovuja, na limevuja sana. Ganda hilo kwenye ukuta wa silinda ni kama kumvisha mtu koti kisha umlaumu kwa kutoka jasho.

Na kuna kitu cha pekee kwenye injini hii. Silinda zake si matundu yaliyochongwa kwenye chuma cha injini. Ni mikebe, mafundi huiita slivu, inayosimama ndani ya maji yenyewe, na chini inakaa juu ya gasketi nyembamba zenye umbo la tarakimu nane, kila moja inashika mikebe miwili. Ni muundo mzuri sana kwa anayetengeneza, unachomoa mkebe unaweka mpya bila kupeleka injini kwa mchonga vyuma. Lakini kila uchafu ulioingia kwenye maji unashuka na kutulia kwenye miguu ya hiyo mikebe, na huko hakuna maji ya kasi ya kuuondoa. Fundi wa rejeta anaweza kuisafisha rejeta mpaka unywe nayo uji, tope la huko halitasikia habari zake.

Nikafungua bomba la kumwagia maji kwenye ubavu wa injini. Halikutoa kitu. Tone moja, basi. Nikalitoa lote, nikachokoa tundu kwa waya wa seng'enge, na kwa muda waya ulikuwa unaingia kwenye kitu kama udongo wa kufinyangia. Kisha kikaachia. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya kahawa ya Oldeani na harufu ya kaburi. Nilichokoa na kumimina maji kwa mpira nusu siku. Baadaye nilijaza maji yenye unga wa asidi ya ndimu, ule unaouzwa kwa watengeneza juisi, nikaliendesha polepole lipate joto, nikaacha lipoe, nikamwaga, nikarudia, kisha nikasuuza hadi maji yakatoka meupe. Tangu hapo tunaweka maji ya mvua yaliyochanganywa na kulanti. Paa tunalo, mapipa tunayo, sijui kwa nini hatukufikiria hilo mapema.

Kabla ya kujaza nilimaliza na kesi ya kijana wa bodaboda. Kipimo cha gasketi ya hedi kwa mtu asiye na vifaa ni hiki: injini ikiwa baridi, toa mkanda wa feni ili pampu isizunguke, jaza maji hadi mdomoni mwa rejeta, washa, ongeza mafuta kidogo, tazama. Dakika moja hivi inatosha, usiendelee, maji hayazunguki. Moshi wa silinda ukipenya utaona mapovu yanapanda mfululizo, na wakati mwingine utasikia harufu yake. Nilipiga magoti pale nikitazama maji kama mpiga ramli. Kimya. Nikatoa kijiti cha oili, oili nyeusi ya kawaida, haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo hata zile gasketi za nane zilikuwa bado zinashika. Bodaboda alikosea. Nilimwambia tulipokutana, akasema basi itaungua tu siku moja.

Tukarudi shambani. Sasa tanki la juu lilisoma 90, na baada ya saa nzima 92. Nafuu ya kweli, kuliko ile ya laki mbili, lakini bado nilikuwa natembea kwenye ukingo wa nyuzi 95. Nikamwambia Bamdogo tuendelee taratibu tumalize kipande, jua lilikuwa linazama.

Ni giza ndilo lililotuonyesha. Tulipofika mwisho wa shamba, nikashuka kufungua geti, nikageuka, nikaona manifoldi ya moshi inawaka. Siyo taa. Chuma chenyewe kilikuwa chekundu cha kukoza, kama mkaa uliopulizwa ukaachwa. Mchana kweupe, jua la saa nane, usingeona kitu. Nilisimama na geti mkononi. Bamdogo akauliza kwa nini nacheka.

Nilikuwa nacheka kwa sababu moto ulikuwa unaungulia mahali pasipo pake. Kwenye injini ya petroli, cheche inapaswa kupiga kabla pistoni haijafika juu, ili petroli iwe imeshaungua na kusukuma wakati pistoni inashuka. Na injini inavyozunguka kwa kasi, cheche inabidi iwahi zaidi, kwa kuwa petroli huchukua muda uleule kuungua lakini pistoni haisubiri. Cheche ikichelewa ni kama kuwasha kuni wakati wageni wameshanawa mikono. Chakula kitaiva, ila hakuna atakayekila. Petroli inakuwa bado inaungua vali ya moshi inapofunguka, moto unatoka nje kupitia tundu lililomo ndani ya silinda hedi, na tundu hilo limezungukwa na maji. Nguvu iliyotakiwa kuvuta plau inageuka joto, nusu inaenda kwenye manifoldi na nusu inaenda kwenye rejeta. Na wewe, ukiona trekta halina nguvu, unaongeza mafuta.

Kweli lilikuwa halina nguvu. Bamdogo alikuwa amelalamika mwaka mzima kwamba linavuta kizee, nasi tukasema ni uzee.

Manifoldi nyekundu ina washukiwa wawili, cheche inayochelewa na hewa iliyozidi petroli. Nilianza na hewa kwa sababu ni rahisi. Nikatoa plagi, rangi ya kahawia nyepesi, zote nne, si nyeupe kama chokaa. Nikapaka oili kwa brashi kwenye maungio ya manifoldi ya kuingiza hewa injini ikiwa inanguruma, sauti haikubadilika, kwa hiyo hakuna pa kunyonyea hewa. (Kuna mafundi wanafanya kipimo hicho kwa kumwaga petroli. Msiwaige, nusu mita kutoka hapo kuna chuma chekundu.) Nikawaza pia petroli yenyewe, maana tulikuwa tumenunua ya dumu njiani. Neno kuchakachua lilitamba nchi nzima mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuyachanganya na dizeli au petroli kusiwe na faida, lakini desturi haifi kwa kodi peke yake. Nikadondosha tone kwenye karatasi nyeupe, likakauka bila kuacha doa la mafuta. Na hata kama lingeacha, mgandamizo wa injini hizi ni mdogo. Ndugu yake TED20, wa mwaka 1949, aliundwa kabisa ale mafuta ya jamii ya mafuta ya taa akishapashwa moto kwa petroli.

Ikabaki cheche. Nikafungua kifuniko cha distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi. Pointi, vile vyuma viwili vinavyofunguka kuleta cheche, zilikuwa zimekaribiana sana, kile kipande kinachosuguana na kemu kilikuwa kimelika, na kikilika pengo linapungua na cheche inachelewa, kidogo kidogo, miaka na miaka, bila mtu kugusa kitu. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili nililipata kwa vidole viwili. Rota, kile kipande kinachozunguka juu, ukikishika na kukisokota kuelekea upande kinakozungukia, kinatakiwa kikubali kidogo kisha kiruke kurudi mahali pake, kwa sababu chini yake kuna vizito viwili na vispringi vyake. Injini ikikimbia vizito hivyo vinatanuka na kuiwahisha cheche. Ya kwetu niliisokota. Ilikuwa imekaza kama msumari kwenye mninga.

Kwa hiyo likiwa limesimama uani, taratibu, cheche ilichelewa kidogo tu na trekta likavumilia. Likiwa na plau na kasi ya kazi, cheche ilibaki palepale wakati pistoni zimeshakimbia. Ndiyo maana lilichemka mfereji wa tatu na si uani. Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye daftari la binti yangu siku ya kwanza.

Dawa ilikuwa nusu kikombe cha mafuta ya taa, mswaki wa zamani, na uvumilivu. Niliitoa distributa nikiwa nimeshaiweka alama, nikaloweka vizito usiku kucha, asubuhi nikavichezesha hadi vikaachia, vispringi vilikuwa vizima, nikaweka tone la oili nyepesi kwenye kila pini na chini ya rota. Pointi mpya, elfu nane. Nikapima pengo kwa filagauji, nikairudisha, nikapanga taimingi kwa balbu ndogo ya taa ya tela iliyofungwa waya mbili: balbu inakuambia pointi zimefunguka sekunde ileile, huhitaji mashine ya mjini.

Tulilima tena Jumamosi. Bamdogo aliingiza gia aliyoiacha tangu mwaka juzi na likaivuta. Saa mbili mfululizo, tanki la juu 82, 83, mara moja 85 kwenye mteremko ule mbaya wa kupandia. Tulikaa makusudi hadi giza likaingia. Manifoldi ilikuwa nyeusi. Themostati nimeirudisha, na kifuniko cha bati kimestaafu. Pampu inadondosha tone moja moja, pamoja na sili mpya ya elfu sitini, na hiyo ni ya mwezi ujao. Kijijini Bamdogo anasimulia kwamba kilichosaidia ni kuzibua rejeta.

Jana jirani, yule wa kutoa themostati, alikuja na malalamiko ya pawatila yake, kile kitrekta cha kutembea nacho kwa miguu. Inachemsha, anasema, kila siku, mvuke unatoka juu, ameshatafuta themostati aitoe hakuiona. Nikaenda kuiangalia. Ni ile ya dizeli ya silinda moja, yenye tanki la maji lililo wazi juu ya injini, haina rejeta, haina pampu. Nikamwambia, Mzee, hiyo imeumbwa ichemke, ndivyo inavyojipoza, wewe ongeza maji tu yakipungua.

Alinitazama kwa muda. Kisha akaniomba kile kipima joto, akaondoka nacho.